Usimsomeshe Tu, Msomee

Kiswahili chetu ni bahari, na mara nyingine lulu yake imo ndani ya neno dogo tunalolitumia kila siku bila ya kulipindua tukatazama chini yake. Chukua neno SOMA. Mtoto aliye shuleni yuasoma. Mzee aliyekamata gazeti barazani yuasoma. Na mtu mwenye elimu husemwa kuwa amesoma, hata kama mwaka mzima hakugusa kitabu.

Kutokana na shina hilo moja huchipuka matawi matatu. La kwanza ni SOMESHA. Kumsomesha mtoto ni kumlipia karo, kumshonea sare, kumnunulia madaftari na kumsimamia asitoroke. La pili ni SOMEA. Kumsomea mtoto ni kukaa naye kitako, ukafungua kitabu, ukamsomea kwa sauti yeye akisikiliza. La tatu ni JISOMEA. Huku ni kusoma kwa mtu peke yake, bila ya kuamrishwa na mwalimu wala kutishwa na mtihani, kwa kuwa nafsi yake imependa.

Sisi wazazi wa siku hizi, ndugu msomaji, tawi la kwanza twalijua sana. Mkutapo mzazi njiani ukamwuliza habari za watoto, atakueleza karo ilivyopanda na vitabu vilivyo ghali. Lakini mwulize ni lini mara ya mwisho alipomsomea mwanawe hadithi, utamwona akikutazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua. Na kila mmoja wetu alitaka tawi la tatu! Twataka watoto wapende vitabu, wajisomee wenyewe, na twashangaa kwa nini hawafanyi. Makala haya ni ya kulitetea lile tawi la katikati, ambalo bila ya kulishika mtoto hafiki la juu.

MIEZI SABA NYUMBANI

Katikati ya mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, shule zote za Kenya zilifungwa. Mzazi aliyekuwa akimpeleka mtoto kwa mwalimu asubuhi akamrudisha mchana, ghafla akajikuta yeye ndiye mwalimu. Kwa watu wa Mji wa Kale wa Mombasa mambo yalizidi. Tarehe 6 Mei 2020 mtaa wote ulizuiwa, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, hapana kuingia wala kutoka, na zuio hilo halikuondolewa mpaka mwezi wa Juni. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Misikiti ilifungwa, baraza zikawa tupu, na tarawehe watu wakazisali majumbani mwao.

Katika nyumba moja ya mtaa huo walikuwako mume, mke, watoto wao wawili na mama mzaa baba. Nimeombwa nisiwataje majina, nami nimeitunza ahadi. Mume kazi yake ilikuwa kutembeza watalii, na mwaka huo watalii hawakuwako. Mke alikomea darasa la nane, na riziki ya nyumba ikawa yatoka katika karai lake la mahamri. Mtoto mkubwa, mwanamume, alikuwa na umri wa miaka kumi, yuko gredi ya nne.

Mtoto huyo alikuwa mzito wa kusoma. Si kwamba herufi hakuzijua, la. Alizijua zote. Lakini akisoma utasema mtu apanda ngazi za mnara na gunia mabegani: kidato kimoja, apumzike, kidato cha pili, apumzike, na afikapo juu amekwisha sahau alilokuwa akilipandia. Ripoti zake za shule zilikuja na neno lile lile kila muhula, kuwa atie bidii. Baba yake alikuwa amekata shauri. Akamwambia mkewe, "Huyu si wa kalamu. Shule zikifunguliwa hazimhusu tena, nitamtia kwa mjomba wake karakana ya seremala."

Useremala si kazi ya kudharauliwa. Milango ya Lamu na ya Mvita ilichongwa na mafundi ambao watu hadi leo huja kutoka mbali kuitazama kazi yao. Lakini kuna tofauti baina ya mtoto anayeipenda randa, na mtoto anayetupwa kwenye randa kwa kuwa watu wamemkatia tamaa. Mama aliyajua hayo, na aliona kuwa muda alionao wa kumwokoa mwanawe ni huo huo wa shule kufungwa.

Basi akaanza kumsomesha. Ubao wake ulikuwa mlango wa jikoni, na chaki akazipata dukani. Vipindi vya redio walivisikiliza. Simu iliyokuwako nyumbani ilikuwa moja, na bando lilikuwa la kuhesabiwa. Mama alifundisha kama alivyofundishwa yeye chuoni utotoni: kidole juu ya mstari, ukikosa rudia, ukikosa tena rudia tangu mwanzo, na mwiko haukuwa mbali. Baada ya majuma mawili mtoto akaanza kuumwa na tumbo kila asubuhi, na saa ya somo ikipita maumivu nayo yakipita.

Mavyaa wake, bibi aliyepita miaka sabini, alikuwa akiyatazama yote hayo kutoka mkekani pake. Siku moja akamwita mkaza mwanawe akamwambia, "Mwanangu, wewe tangu asubuhi wamsomesha mtoto. Hebu leo usimsomeshe. Msomee."

"Nimsomee nini, mama?"

"Lolote utakalopenda kulisikia wewe mwenyewe."

WALE NYANI WALIKOSA NINI?

Katika kabati mlikuwa na kitabu alichoachiwa mama huyo na marehemu babake, jalada limeng'oka na pembe zimeliwa na mende. Kilikuwa ni ADILI NA NDUGUZE cha Shaaban Robert, yule bwana wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909 akafariki mwaka 1962. Kitabu chenyewe kilichapishwa mwaka 1952, na ni hadithi ya kale kwa mtindo wake, ya wafalme, majini na safari za bahari.

Usiku baada ya sala, mama akaketi mkekani akaanza kusoma. Usiku wa kwanza mtoto alilala akauelekea ukuta. Wa pili vivyo hivyo. Usiku mmoja hadithi ikafika pale ambapo liwali Adili, mtu mwema, mpole, mwenye huruma hata kwa wanyama, aonekana na mjumbe wa mfalme akiwapiga nyani wawili kwa mjeledi, na ada hiyo huifanya kila usiku. Hapo mama akafunga kitabu. Hakufanya hila. Unga wa mahamri ulikuwa ukimngoja kukandwa.

Mtoto akageuka kutoka ukutani. "Mama, kwa nini awapiga?"

"Kesho, inshallah."

Asubuhi yake mama akitoka jikoni alimwona mtoto dirishani, kitabu ki magotini, kidole chini ya mstari, midomo yamcheza. Ukurasa mmoja ulimchukua muda mrefu wa kuivisha karai zima. Hakuna aliyemtuma. Alitaka kujua wale nyani walikosa nini.

Nilimwuliza mama huyo alimwambia nini mwanawe saa ile. Akanijibu, "Sikumwambia neno. Nilijifanya sikumwona. Niliogopa nikimsifu atakifunga."

Jawabu hilo, kwangu mimi, lina hikima kuliko vitabu vingi vya ualimu. Mapenzi ya kitabu huingia kwa mtoto kama ndege aingiavyo chumbani: ukimrukia kwa furaha, amekwisha toka kwa dirisha lile lile.

CHUO NI KITABU

Shauri la yule bibi halikuwa jipya. Tulitazame neno CHUO. Leo likitajwa, mawazo yatwenda kwenye madrasa au chuo kikuu. Lakini katika Kiswahili cha kale, na katika tungo za wazee wetu, chuo ni kitabu, na vyuo ni vitabu. Ndipo mtaalamu akaitwa mwanachuoni. Waliotuachia lugha hii hawakutenga jina la kitabu na jina la mahali pa kusomea. Kwao wao, palipo kitabu na mtu wa kukifungua, pale pana shule, hata pakiwa ni ukumbini mwa nyumba.

Na wengi walisoma ukumbini mwa nyumba, hasa wanawake. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mke wa Bwana Mataka wa Siu, alikuwa mgonjwa mwaka 1858 alipotunga utenzi wake mashuhuri kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Utenzi huo huanza kwa mama kumwita binti aje karibu na wino na karatasi. Zingatia hapo, msomaji. Mama yu maradhini, ana mali na ana jamaa, lakini analolichagua kumwachia mwanawe ni maneno, na anataka yaandikwe. Somo lile lilitolewa nyumbani, kwa mdomo wa mama na sikio la mwana, na binti yule aliishi mpaka karne ya ishirini watu wakiutafuta utenzi wa mamake.

Tumtazame na Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Yeye alisomeshwa Kurani kama watoto wengine wa jumba la babake, lakini kuandika kwa watoto wa kike hakukuwa jambo la kuruhusiwa. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi alivyojifunza mwenyewe kwa siri, akiziigiza herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Hakuna aliyemlipia karo, na aliyemwona angemkanya. Kiu ilikuwa yake mwenyewe. Na elimu hiyo ya mfupa ilimfanya mwaka 1859 kuwa mwandishi wa barua za ndugu yake Barghash katika lile jaribio la kutaka ufalme.

Wa tatu ni Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na kufariki mwaka 1947. Yeye aliona kuwa watu wake wana akili na wana hamu, lakini yanayoandikwa kwa lugha wanayoielewa ni machache. Mwaka 1930 akatoa gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 akatoa al-Islah, kwa Kiswahili, ili mtu wa kawaida asome na aelewe mambo ya dini yake na ya dunia yake.

HERUFI ISIYOSEMA

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha jambo. Watoto wetu wa pwani hawana upungufu wa kusoma kwa maana ya kutamka. Mtoto wa Kiislamu huanza alifu na bee kabla hajabadili meno, na wengine huhitimu Msahafu wakiwa wadogo mno. Hiyo ni ibada na ina thawabu zake, nasi twamshukuru Mola kwayo. Lakini tuseme kweli: mtoto huyo hutamka lugha asiyoifahamu, na mpaka atakapofundishwa maana, herufi kwake ni sauti. Marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy aliijua haja hiyo, ndipo tafsiri yake ya Kurani nzima kwa Kiswahili ikatoka mwaka 1969.

Kisha mtoto huyo huyo huenda shule. Ni kweli kuwa mtaala uliopo umeagiza madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali. Lakini vitabu vingi atakavyokutana navyo, na mitihani anayotishwa nayo, ni ya Kiingereza, lugha ambayo nyumbani haisikii. Na Kiingereza hakiandikwi kama kinavyotamkwa. Herufi moja leo ina sauti hii, kesho ina sauti ile. Basi baina ya chuoni na shuleni, mtoto aweza kufika miaka kumi bila ya kukutana hata mara moja na herufi inayosema naye kama mamake anavyosema naye. Huyo tukimwita mzito, tumemdhulumu. Uzito haumo kichwani mwake. Hajaambiwa tu kuwa ndani ya kitabu mna mtu anayezungumza.

Kiswahili kina neema katika jambo hili. Irabu zake ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akishazijua silabi, hakuna neno la Kiswahili litakalomshinda kulitamka. Kinachobaki ni mbio za macho na hamu ya moyo. Na mtu asomaye polepole sana husahau mwanzo wa mstari kabla hajafika mwisho wake, kwa hiyo utamu haupati. Anaposomewa na mtu mwingine, mzigo wa ngazi unatuliwa, yeye huyaona ya juu ya mnara. Akishayaona, atapanda mwenyewe.

NISOMEE

Turudi Mji wa Kale, kwa kuwa mambo hayakuishia kwa nyani. Yule bibi, mama mzaa baba, husoma Msahafu vizuri na husoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu. Ana tenzi alizonakiliwa na marehemu babake. Lakini hati za Kizungu hakufundishwa, na ofisini hutia kidole gumba na kuandikwa kuwa hajui kusoma. Wako wengi wa namna yake katika pwani hii, wasomi walioandikwa ujinga kwa kuwa kalamu yao yatoka kulia kwenda kushoto.

Bibi huyo ana binti Maskati aliyekuwa akimletea habari kwa simu. Siku moja akamwita mjukuu wake. "Babu, hebu nisomee shangazi yako amesema nini." Mtoto akasoma, pole pole, na kwa mara ya kwanza maishani mwake mtu mzima akawa amemtegemea kwa kusoma. Hakuna aliyemsahihisha. Bibi alitaka habari, hakutaka mtihani. Siku ya pili akamwita tena. Kisha naye akamlipa: akatoa zile tenzi kutoka sandukuni, akamwonyesha kuwa zile alifu na bee azijuazo chuoni zaweza pia kuandika maneno ya nyumbani. Mtoto akastaajabu. Hakuwa amejua kuwa bibi yake ni msomi.

Mwisho akaanza kumsomea nduguye mdogo wa kike, mwenye miaka minne. Usiku mmoja baba alikuwa amekaa barazani nje, kanzu imechakaa na kazi hakuna, akasikia sauti dirishani ikisoma. Alidhani ni mkewe. Sauti ikakwama katika neno, ikalirudia, ikapita. Akajua ni nani. Mkewe anasema aliingia ndani baadaye akauliza kama yako mafuta ya taa, maana umeme nao ulikuwa wa wasiwasi, na yule mtoto asije akaharibu macho. Habari ya karakana hakuitaja tena.

Tarehe 12 Oktoba 2020 gredi ya nne ilikuwa miongoni mwa madarasa ya kwanza kurudi shule, naye akarudi. Sitaki kumdanganya msomaji kuwa alikuwa wa kwanza darasani. Hakuwa. Kiingereza kiliendelea kumlemea kwa muda. Lakini maumivu ya tumbo yalikwisha, na neno "atie bidii" mama hakulikuta tena katika ripoti ya Kiswahili. Leo ni barobaro. Siku za Jumamosi huenda karakana kwa mjomba wake kwa kupenda mwenyewe, na mfukoni mna kitabu.

NENO KWA WAZAZI

Yasifahamike kuwa nawaita watu wawatoe watoto shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamlazimu mzazi kumwandikisha mwanawe shule na kuhakikisha yuahudhuria, na shule ina yake ambayo nyumba haiwezi. Ninalosema ni kuwa mwalimu mwenye watoto hamsini mbele yake aweza kusomesha. Kumsomea kila mmoja wao pajani, hawezi. Kazi hiyo ni yetu, nasi tumeiacha wazi kwa kudhani kuwa tumekwisha ilipia karo.

Nayo haina gharama kubwa. Robo saa baada ya Isha yatosha. Kitabu kikikosekana, gazeti lipo, na hekaya za Abunuwasi zipo, nazo mtoto huzicheka. Msomee jambo unalolipenda wewe, kwa kuwa mtoto huijua sauti ya mtu anayechoka. Ukimaliza usimtahini, usimwulize fulani alifanya nini na somo lake ni nini. Simama pale patamu. Kitabu kiache karibu, si juu ya kabati. Na ukimwona amekishika, pita kama hukumwona.

Mwenye kusema kuwa vitabu viko mbali, na akumbuke kuwa mwaka 1996 Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianzisha huko Garissa maktaba ya ngamia, masanduku ya vitabu yakapakiwa mgongoni yakawafuata wafugaji jangwani. Salme alijifunza juu ya mfupa wa ngamia, na wale walifikiwa na ngamia mzima. Basi sisi tunashindwa kukitoa kitabu kabatini tukakifikisha mkekani?

Nami kwa kuwa ni mtu wa tungo, naomba ruhusa nifunge kwa ubeti mmoja, na neno "chuo" nimelitumia kwa maana yake ile ya kale:

Mtwae mwana pajani, chuo ukimsomea,
Neno lizame moyoni, lipate kumuenea,
Muone yu dirishani, sasa yuajisomea,
Kesho uzee nyumbani, nawe atakusomea.